Watoro wa Rabai na Hati za Uhuru



Katika kurasa zilizotangulia mmekwisha kuona hesabu za fedha, misaada iliyotolewa kwa wagonjwa na waliofiwa, na maazimio ya mikutano ya mwaka. Halmashauri imeona vema kuongeza habari moja ya mambo ya kale ya kisiwa hiki cha Mvita na nchi iliyokizunguka, ili watoto wetu wanaosoma kitabu hiki wapate jambo la kuwauliza wazee wao.

Habari tuliyoichagua ni ya watu waliokuwa watumwa hapa kwetu, nao wakakataa kuendelea kuwa watumwa. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika shule nyingi habari ya uhuru wa watumwa imesimuliwa kana kwamba ni habari ya manowari na mabwana wakubwa tu, na mtumwa mwenyewe hana neno ndani yake ila kufunguliwa minyororo na kushukuru. Pili, katika nyumba nyingi za mji huu habari hiyo haisimuliwi kabisa, kwa sababu ya haya. Mtu hataki kusema kwamba babu yake alinunuliwa, na mwingine hataki kusema kwamba babu yake alinunua. Basi tumeona ni heri kuyasema kwa adabu yale yaliyo kweli, kuliko kuwaachia wenye kusengenya.

I. Utumwa ulivyokuwa katika mji

Mzee yeyote apitaye leo katika Mji wa Kale, kutoka Ngome ya Yesu hadi Bandari ya Zamani, anakanyaga mahali ambapo kazi nyingi zilifanywa na mikono ya watumwa. Wao ndio waliopakia na kupakua majahazi, wakachota maji, wakachoma chokaa, wakajenga kuta za mawe na kupika katika nyumba za waungwana. Nje ya kisiwa walilima mtama, mahindi na mihogo. Tangu miaka ya 1860, mashamba makubwa ya Malindi yalipofunguliwa upya, watumwa wengi zaidi walitakiwa pwani, na wengi wao waliletwa kutoka nchi za kusini, upande wa Ziwa Nyasa, kwa njia ya Kilwa.

Hawakuwa wote wa hali moja. Mzalia, aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake, alijua lugha na desturi za mji, naye hakuhesabiwa sawa na mgeni aliyetoka bara juzi, ambaye watu walimwita mjinga. Wengine walikuwa mafundi, wengine mabaharia, na wengine waliruhusiwa kujitafutia kazi ya mshahara. Wale waliofanya kazi ya siku waliitwa vibarua kwa ajili ya cheti kidogo walichopewa cha kuonyesha kazi yao. Jioni kibarua alipokea mshahara wake, na sehemu kubwa, mara nyingi nusu, akampelekea bwana wake. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa wapagazi waliokwenda bara na misafara kwa miezi mingi. Mtu alibeba mzigo mpaka Kilimanjaro au mbali zaidi, akarudi na miguu iliyopasuka, na nusu ya ujira wake ikawa ya mtu ambaye hakutoka barazani.

Hapa yatupasa kusema kwa haki. Sheria ya Kiislamu ilihesabu kumwacha mtumwa huru kuwa ni jambo lenye thawabu kubwa, na mabwana wengi katika mji huu waliwaacha watumwa wao huru, hasa walipokaribia kufa. Mtumwa aliweza pia kupatana na bwana wake kujikomboa kwa fedha zake mwenyewe. Neno letu uhuru, kabla halijapazwa katika mikutano ya siasa, lilikuwa neno la hati hizo. Maana yake ni hali ya mtu ambaye si mali ya mtu. Lakini uhuru wa namna hiyo ulikuwa hisani ya bwana, na hisani haina siku iliyowekwa. Bwana mwema angeweza kufa kabla ya kuandika, warithi wake wakagawana mtumwa kama walivyogawana minazi. Kwa hiyo palikuwa na watu waliotendewa vema, wakalishwa na kuvikwa, na hata hivyo wakatoroka. Walichokitaka hakikuwa chakula.

II. Mikataba ya baharini

Waingereza walianza mapema kuyagusa mambo haya hapa Mvita. Mwaka 1824 Kapteni Owen wa manowari Leven, ambaye jina la merikebu yake lingali katika nyumba moja ya Mji wa Kale, alikubali kuuweka mji chini ya bendera ya nchi yake kwa maombi ya Wamazrui, naye akawataka waahidi kuacha biashara ya watumwa. Ulinzi huo ulikwisha mwaka 1826, na ahadi ikaenda nao. Baadaye ulifuata mkataba wa mwaka 1845 na Seyyid Said, na baada ya Sir Bartle Frere kuja Unguja, mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Seyyid Barghash alikubali kwa shingo upande. Huo ulifunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari.

Lakini wazee wasidhani kwamba siku ile watumwa wa Mombasa walipata uhuru. Mkataba ulikataza kuuza na kusafirisha, haukukataza kumiliki. Mtu aliyekamatwa baharini katika jahazi aliwekwa huru na manowari. Ndugu yake, aliyekwisha kushushwa pwani na kuuzwa, alibaki mtumwa kwa sheria. Kwa ajili ya wale wa baharini, Padre Price wa misheni ya CMS alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, na ng'ambo ya mji, upande wa Kisauni, ukajengwa mji wa Frere Town. Mnara wa kengele yao ungali unasimama, na mahali pale twapaita Kengeleni mpaka leo. James Mbotela, mtoto wa ukoo mmoja wa Frere Town, aliandika habari za watu hao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934, nacho kilisomwa na vizazi vya wanafunzi wa nchi yetu.

Basi fikirini hali ya mtumwa wa Mji wa Kale katika mwaka 1875. Asubuhi anasimama bandarini na mzigo begani. Akitazama ng'ambo ya maji anaona watu wa kabila lake mwenyewe, pengine waliotekwa katika vita ile ile iliyomteka yeye, wanalima mashamba yao na hakuna awadaiye nusu ya mshahara. Kilichowatenganisha ni mkondo mwembamba wa bahari, na bahati ya kukamatwa majini badala ya kuuzwa nchi kavu. Twaamini hakuna hotuba iliyomfundisha mtu huyo maana ya uhuru kama mtazamo ule.

III. Waliotumia miguu yao

Watumwa wa pwani hawakungoja Frere Town ili waanze kutoroka. Zamani za kale watoro walikimbilia kwa wakubwa waliokuwa adui wa serikali ya Sultani, kama Ahmed Simba wa Witu, ambaye aliwapokea na kuwapa silaha. Wengine walijenga vijiji vyao wenyewe porini, wakavizungushia boma la miti na kulima. Kijiji kimoja kilichojulikana sana kilikuwa Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama nyuma ya Takaungu. Pale watoro waliishi pamoja na Wagiriama waliokuwa wamepokea dini ya Kikristo, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Mgiriama, David Koi. Mwaka 1883 wenye watumwa wa pwani walikishambulia kijiji, na David Koi akauawa. Yeye hakuwa mtumwa. Aliuawa kwa sababu alikaa na watu waliotafutwa na kuwa kiongozi wao. Kanisa la Kenya humkumbuka kama shahidi wa kwanza wa nchi hii.

Kwa mtu wa kisiwani, njia iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa ya Rabai. Misheni ilikuwa huko tangu mwaka 1846, wakati wa Dakta Krapf, na safari yake ni ya maili kama kumi na tano tu kutoka mjini. Mtoro aliweza kuvuka kwa miguu kivuko cha Makupa maji yakiwa yamekupwa, au kupita na mtumbwi kwenye hori mpaka Jomvu, kisha akapanda vilima. Maili kumi na tano si nyingi kwa mtu aliyezoea mizigo. Lakini akikamatwa alirudishwa kwa bwana wake, na adhabu ya mtoro ilikuwa fimbo na pingu. Aliacha pia yote aliyokuwa nayo: mke kama alikuwa wa nyumba nyingine, rafiki zake, na akiba kidogo aliyoiweka ili ajikomboe.

Njaa kubwa iliyopiga pwani katika miaka ya 1884 na 1885 iliongeza shida. Wazazi wa bara ya pwani waliwaweka watoto wao rehani kwa watu wa mjini ili wapate nafaka, na wengi wa watoto hao hawakukombolewa. Watu wa kila namna walikimbilia misheni, wenye njaa na wenye minyororo pamoja, hata ikawa vigumu kumjua huyu na huyu.

IV. Padre William Jones

Sasa twafika kwa mtu ambaye ndiye kiini cha habari hii. William Henry Jones alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto na kuuzwa, kisha akaokolewa baharini na manowari ya Kiingereza. Kwa kuwa siku zile hapakuwa bado na mahali pa kuwaweka watoto kama yeye katika pwani hii, alipelekwa Bara Hindi, akasomeshwa na misheni pamoja na Waafrika wengine karibu na mji wa Nasik. Jacob Wainwright, aliyeusindikiza mwili wa Dakta Livingstone mpaka London mwaka 1874, alitoka katika shule hiyo hiyo. Jina la Jones lilikuwa la Kizungu na elimu yake ya Kihindi na Kiingereza, lakini yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa Afrika aliyekwisha kupewa bei.

Mwaka 1864 alirudi Afrika pamoja na Ishmael Semler, wakaja Rabai kumsaidia mzee Rebmann. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa wote wawili ushemasi. Mwaka ule ule Jones alifuatana na Askofu katika safari ya kwenda Uganda kupitia nchi ya Wamasai. Walipofika kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias, Askofu alitangulia na watu hamsini, akamwachia Jones wengine wote. Askofu akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Habari ilipothibitika, ni Jones aliyeuongoza msafara kurudi pwani, akaingia Rabai mwanzo wa mwaka 1886 na watu waliochoka na wenye njaa, mbele yao bendera ya buluu yenye herufi nyeupe za neno Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka. Watu wengi walilia siku ile.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa akiangalia kazi ya Rabai. Mbele yake palikuwa na amri. Balozi wa Kiingereza wa Unguja, Sir John Kirk, alikuwa amezionya misheni kwamba haziruhusiwi kuwapokea watumwa wa watu, kwa maana sheria ya nchi bado iliwahesabu kuwa mali. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuivamia Frere Town kwa silaha kwa sababu ya watoro. Wakubwa wa misheni waliogopa, wakaahidi kutowapokea tena. Kwa kauli ya wakubwa, mtoro akija alipaswa kuambiwa aondoke.

Lakini walikuja. Walikuja usiku na mchana, wakajenga vibanda karibu na misheni, wakalima, wakahudhuria mafundisho na ibada, wakaoana, wakazaa. Jones hakuwafukuza. Wala hakupiga tarumbeta juu ya jambo hilo. Aliwaacha tu wakae. Wazee wa Kirabai nao, wenye nchi, waliwaacha walime, na jambo hili halisemwi mara nyingi kama lipasavyo. Bila ardhi ya Warabai watoro wangepata dini lakini wasingepata chakula.

Twapenda kuwauliza wasomaji: je, Jones alifanya kosa? Aliitumikia misheni, na misheni ilitoa ahadi. Sisi tulio makarani twajua uzito wa amri iliyoandikwa na mkubwa wa kazi. Lakini Jones alijua jambo ambalo wakubwa wake hawakulijua kwa miili yao. Yeye aliwekwa huru kwa sababu jahazi lililombeba lilikamatwa. Kama lingekuwa limeponyoka, angeuzwa pwani, na miaka thelathini baadaye ni yeye ambaye angekuwa amesimama mlangoni pa Rabai akiomba mahali pa kulala. Mtu wa namna hiyo atawezaje kumwambia mwenziwe, Rudi kwa bwana wako?

V. Hesabu ya mwaka 1888

Mwaka 1888 mambo yalifichuka. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa imepata mkataba wa kuitawala pwani hii kwa jina la Sultani, na mwezi wa Oktoba Bwana George Mackenzie alifika Mombasa kuanza kazi. Akakuta mji una hasira. Waarabu na Waswahili wenye watumwa walisema wazi kwamba misheni zimewaibia mali yao, na kwamba wako tayari kuitwaa kwa nguvu. Padre Price, aliyekuwa amerudi mwaka huo, akaagiza watu wa Rabai wahesabiwe. Hesabu iliwashangaza wakubwa wa misheni, kwa maana walidhani watoro ni wachache. Walipojumlishwa na wale wa vituo vya Wamethodisti, watu waliodaiwa kuwa watumwa wa wenyewe walizidi 1,400.

Hapo lawama zilimwangukia Jones. Lakini wanachama watazame hali ilivyokuwa. Kuwarudisha watu 1,400 kwa nguvu kulihitaji jeshi, wala hapakuwa na jeshi. Nao watoro walikuwa na silaha, na wengi walisema afadhali kufa kuliko kurudi. Upande wa kusini, katika pwani ya Mrima, Kampuni ya Kidachi ilikuwa imeingia kwa kiburi miezi michache iliyopita, na vita ya Abushiri ilikuwa imekwisha kuwaka. Mackenzie alikuwa mfanyabiashara mwenye akili. Aliona kwamba akiwaudhi wenye watumwa atapata vita kama ya Wadachi, na akiwatoa watoro atapata vita nyingine na aibu kubwa huko Uingereza. Alihitaji pia wapagazi na njia salama ya kwenda bara. Basi akachagua njia ya tatu, yaani kuwalipa wenye watumwa.

Tunasema hivi bila kumdharau Mackenzie. Alifanya jambo jema. Lakini asingelifanya kama watoro wangekuwa kumi na wawili. Kumi na wawili wangefungwa kamba na kurudishwa mjini, na leo hakuna ambaye angejua habari zao. Uwingi wao ndio uliomlazimisha kulipa, na uwingi huo ulikusanyika mtu mmoja mmoja, kila mmoja kwa hofu yake na usiku wake wa Makupa.

VI. Tarehe 1 Januari 1889

Bei ilipatanwa: riali 25 kwa kila mtu. Kampuni ilitoa sehemu ya fedha, nyingine zilitoka kwa serikali ya Kiingereza, kwa misheni na kwa marafiki wa misheni huko Uingereza. Siku ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1889, watu walikusanyika Rabai, na watoro wakapewa hati zao za uhuru.

Tukiwa makarani, twajua karatasi ni nini. Karatasi hupotea, huliwa na mchwa, hulowana na mvua. Lakini kwa mtu aliyeishi miaka saba au minane akigeuka nyuma kila asikiapo hatua njiani, karatasi ile ilikuwa na maana ya kwamba anaweza kwenda Mombasa kuuza mahindi yake na kurudi jioni. Aliweza kutembea mchana katika barabara za Mji wa Kale, akapita mbele ya baraza ya bwana wake wa zamani, akamwamkia kwa heshima na kuendelea na safari yake.

Pamoja na furaha hiyo, mambo mawili lazima yaandikwe. La kwanza, aliyelipwa ni mwenye mtumwa. Mtumwa aliyemfanyia kazi miaka kumi hakulipwa hata senti moja ya jasho lake. Riali 25 zilikuwa malipo ya hasara ya bwana, kana kwamba mtumwa hakupata hasara. La pili, hati zile zilikuwa za watu waliokuwa wamekwisha kuandikwa. Aliyetoroka wiki iliyofuata hakuwamo, na misheni zilitakiwa zisiwapokee wengine. Mlango ulifunguliwa kwa waliomo ndani, ukafungwa kwa walio nje.

VII. Kutoka hapo mpaka mwaka 1907

Hao wa nje hawakukata tamaa. Mwaka 1890 Kapteni Lugard, aliyekuwa akiitumikia Kampuni, alikwenda Fuladoyo na kufanya mpango wa watoro kuifanyia kazi Kampuni ili wajikomboe kwa mishahara yao. Yaani mtu alitakiwa kununua mwili wake mwenyewe kwa jasho la mwili ule ule. Lakini wapo waliokubali, kwa maana walitaka neno la bwana juu yao likatwe kabisa, mbele ya mashahidi. Mwaka huo huo, tarehe 1 Agosti, Seyyid Ali alitoa amri ya kukataza kuuza na kununua watumwa katika nchi yake, na kuwaruhusu wajikomboe.

Mwaka 1895 Serikali ya Kiingereza ilitwaa nchi kutoka kwa Kampuni. Watu wengi walidhani utumwa utakwisha siku ile. Haukwisha. Serikali ilisema imeahidi kuheshimu sheria na desturi za pwani, nayo ilihofia kuwakosa wakubwa wa Kiarabu waliowasaidia kutawala. Unguja na Pemba walipata amri ya kuondoa utumwa katika sheria mwaka 1897. Pwani ya Kenya ilingoja miaka kumi zaidi, mpaka tarehe 1 Oktoba 1907. Hapo ndipo mahakama zilipokoma kumsikiliza mtu asemaye, Huyu ni mtumwa wangu. Na mara hii pia fidia ilikuwa ya mabwana.

Tangu mtoro wa kwanza wa Mvita alipopanda kilima cha Rabai mpaka mwaka ule wa 1907, watu wazima walizeeka na kufa. Lakini katika miaka hiyo yote utumwa ulikuwa ukipungua kwa sababu watumwa wenyewe walikuwa wakiondoka. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikahitaji mikono, wengi waliondoka mabondeni na mashambani wakaenda walikolipwa. Sheria ilipofika ilikuta nusu ya kazi imekwisha kufanywa. Lakini sheria hiyo haikuwapa ardhi. Waliokuwa watumwa walilima katika mashamba ya watu kwa ruhusa ya wenye mashamba, na shida ya watu wa pwani wasio na hati ya ardhi haikuanza jana.

VIII. Yatupasayo sisi

Mambo haya yanatufundisha nini sisi wa chama hiki?

Kwanza, tuache kuwaonea haya wazee wetu waliokuwa watumwa. Aibu ya utumwa si ya aliyetekwa. Mtoto wa Myao aliyebebwa kwa nguvu hakutenda dhambi yoyote. Akitoroka, alionyesha ushujaa ambao sisi tunaolala salama hatujaombwa kuuonyesha. Kijana anayemwita mwenziwe mtoto wa mateka, kwa nia ya kumtukana, amemsifu bila kujua.

Pili, tusiigeuze habari hii kuwa fimbo ya kupigana makabila na dini. Waliouza watu ni wengi: wakubwa wa bara waliowateka jirani zao, wenye misafara, matajiri wa pwani, na Wazungu waliowanunua kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Na waliosaidia ni wengi pia: Mgiriama David Koi, wazee wa Kirabai waliotoa ardhi, Myao William Jones, na Mwislamu asiyejulikana jina aliyemwita kadhi na kuandika kwamba mtumwa wake ni huru kwa ajili ya Mungu. Wajukuu wa watu hawa wote leo wamo katika orodha moja ya wanachama wetu, wanalipa ada moja na kuzikana.

Tatu, tukumbuke namna watoro walivyoishi baada ya kutoroka. Mtu mmoja akikimbia peke yake hufa njaa au hukamatwa. Walipona kwa sababu walijenga pamoja, wakalinda zamu usiku, wakamlimia mgonjwa na kumzika maiti asiye na ndugu. Hawakuwa na katiba wala mhuri wala kitabu cha stakabadhi. Hata hivyo kazi waliyoifanya ndiyo kazi yetu, nasi hatuna udhuru wa kuifanya kwa uvivu.

Mwisho, twawaomba wazee jambo moja. Katika masanduku ya nyumba za Mji wa Kale, Frere Town, Rabai na Jomvu huenda zimo hati za zamani, za Kiarabu au za Kiingereza, zilizokunjwa na kusahauliwa. Mwenye nayo asiitupe, wala asimpe mtoto aichezee. Amwite mwenye kujua kuisoma, aandike nakala, na nakala hiyo aiweke mbali na ile ya asili. Na asiye na hati ila masimulizi, basi asimulie kungali mapema. Karani wa chama yuko ofisini kila Jumamosi asubuhi, ana kalamu na daftari, naye atamwandikia kila mzee atakayekuja, neno kwa neno, bila kumkatiza.